Ringi ya Upande wa Chini

Uwanja wetu wa kikapu ulichongwa ubavuni mwa mlima na vijana wa kijiji wenyewe, kwa majembe, kwenye kipande ambacho hakuna mkulima aliyekitaka. Nasema ulichongwa, lakini hakuna aliyeumaliza. Upande mmoja ulikuwa juu, mwingine chini, na katikati palikuwa na mteremko ambao mgeni angeuona mara moja na sisi hatukuuona kabisa. Huku kwetu, juu ya barabara ya kwenda Vuga, kila kitu kimeinama: mashamba, njia, vibaraza, hata msikiti una ngazi upande mmoja na upande wa pili unaingia moja kwa moja. Mtu aliyezaliwa hapa hasemi pameinama. Anatafuta kijiwe, anakiweka chini ya mguu wa meza, na anaendelea kula.

Ringi zilikuwa mbili. Zilichomelewa na fundi wa mageti wa Soni, tukazifunga kwenye nguzo za mkaratusi, na kila moja tukaipima kutoka chini ya nguzo yake. Tulijisifu kwamba zote ni za kimo halali, na kweli zilikuwa. Ila ya upande wa juu hatukuipenda, kwa sababu kuiendea ni kupanda. Tuliipenda ya chini. Unachukua mpira, unashuka mbio, unaruka, na kwa muda mfupi unajiona umesahaulika huko hewani. Mimi nilikuwa mrefu kuliko wenzangu wote, na mwaka niliomaliza kidato cha nne nilianza kudanki kwenye ringi ile. Wenzangu walikuwa wanaurusha mpira. Mimi niliusindikiza kwa mkono mpaka ndani.

Rafiki yangu mmoja, aliyekuwa na simu nzuri kuliko kitu kingine chochote kwao, alilala kifudifudi nyuma ya nguzo akanirekodi. Kwenye video ile naonekana kama nimetokea mawinguni. Mteremko hauonekani, kwa sababu aliiinamisha simu kidogo ili mandhari yakae sawa. Hakukusudia ubaya, alitaka picha ipendeze. Video ikazunguka kwenye makundi ya simu, ikashuka Korogwe, ikafika Tanga, na siku moja nikiwa napalilia karoti nikapigiwa na mtu mwenye sauti ya taratibu. Alijitambulisha kuwa ni kocha wa shule moja ya binafsi ya huko Tanga.

Shule yake ilikuwa inachukua wachezaji wachache, inawasomesha kidato cha tano na cha sita bila ada, na kuwalisha.

"Nimeona unavyoruka," akaniambia. "Mwezi ujao nitapanda Lushoto. Nataka nikuone kwa macho yangu. Ukidanki hivyo mbele yangu, nafasi ni yako."

Matokeo yangu ya mtihani yalikuwa ya katikati. Hayakunifukuza shule, wala hayakuniita. Serikali haikunipangia pa kwenda, na wazazi wangu walikuwa na wadogo zangu wa kuwafikiria. Kwa hiyo mlango ulikuwa huo mmoja, na ulikuwa juu, kwenye ringi. Nilimweleza baba jioni ile ile. Baba ni mkulima wa karoti na kabichi, mtu asiyepandisha sauti hata akigombana na ng'ombe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kuruka tu?" akauliza.

"Kuruka tu, baba."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei asiyoiamini. Kisha akasema, "Ukipata, nenda. Ukikosa, shamba la bondeni linataka mtu, na habari ya mpira iishe."

Mama akasema inshallah, na sikujua anamwombea nani kati yetu.

Wiki ile ile nilishuka Mombo na lori la kabichi ili nisaidie kupakua. Tulipomaliza, dereva akaenda kula, nami nikatembea mpaka kwenye shule moja karibu na barabara ambako wanafunzi walikuwa wanacheza kikapu kwenye uwanja wa sakafu. Pako sawa kama meza. Nikaomba mpira, na kwa kweli nilikuwa nataka kuwaonesha kidogo, nisijidanganye. Nikakimbia. Mbio zenyewe zilikuwa nzito, kana kwamba mtu amenishika shati kwa nyuma. Nikaruka, vidole vikagonga chuma cha ringi, na mpira ukanirudia kifuani.

Nikarudia. Nikavua ndala nikarudia peku. Nikawauliza wale wanafunzi kama ringi yao haijapandishwa kupita kiasi, wakacheka wakasema ni ya kawaida. Jaribio la mwisho mpira uliniponyoka, nikageuka kuufukuza, maana kwetu mpira ukikuponyoka unaufuata mpaka kwenye migomba ya watu. Ule wa Mombo ulidunda, ukadunda tena, ukatulia palepale. Nikasimama nikiutazama. Sikuwahi kuona mpira ukitulia wenyewe uwanjani. Ndipo nikaelewa.

Nilirudi na lori mpaka nyumbani. Nilipofika nilikwenda moja kwa moja uwanjani, nikasimama pale ninaporukia siku zote, nikatazama chini ilikosimama nguzo. Tofauti ilikuwa ya wazi hata kwa mtoto. Kabla sijanyanyua mguu nilikuwa nimeshapanda juu ya kitako cha ile nguzo kwa kimo kizuri tu. Nilikuwa siruki kwenda juu. Nilikuwa naruka kwenda nje, halafu mlima unaondoka chini yangu. Nikaona aibu peke yangu, bila mtu hata mmoja kunitazama.

Nikaanza kufanya mazoezi kama mwendawazimu. Walimu wangu walikuwa kwenye simu ya rafiki yangu: wanaume wenye mapaja kama vinu, wanaoruka juu ya masanduku na kushuka kimyakimya kama paka. Masanduku sikuwa nayo, lakini shamba letu lina matuta ya ngazi, moja juu ya jingine, nikawa naruka kutoka tuta hadi tuta kwa miguu miwili. Walibeba vyuma mabegani. Mimi nilibeba gunia la viazi, nikachuchumaa na kusimama mpaka viazi vyenyewe vikachoka. Niliruka kamba ya mkonge. Na ile ringi ya juu tuliyoidharau sasa nikaihamia, nikawa naikimbilia kwa kupanda, huku wadogo wa kijiji wakiniuliza kwa nini naanza kucheza vibaya.

Kipimo changu kilikuwa ukuta wa nyumba, uliopakwa chokaa. Nililowesha vidole kwenye udongo mwekundu, nikaruka pale nilipo, nikagusa ukuta juu kadiri ninavyofika. Mama alikuta alama zile akasimama, mikono kiunoni.

"Umenichafulia ukuta kama mtoto wa chekechea."

"Nitapaka chokaa upya, mama."

"Utapaka ukishatoka Tanga au kabla?"

Alama zilikuwa zinapanda siku za mwanzo, kisha zikakaa pamoja kama kuku waliolowa mvua, na baada ya hapo zikaanza kushuka. Kila jioni niliutazama ukuta ule kwa hofu ambayo sikuwahi kuwa nayo kwenye chumba cha mtihani. Nilikuwa nafanya zaidi na napata kidogo.

Walimu wa kwenye simu walisema mtu apumzike. Walisema miguu inakua wakati wa kupumzika. Mimi niliona ni maneno ya watu wanaopanda lifti. Kwetu mama mjamzito anapanda mlima na kuni kichwani, bibi anashuka gulioni na tenga la peasi na kurudi na chumvi na sabuni, na hakuna anayesema leo miguu ipumzike. Ukikaa mchana na kunyoosha miguu watu wanauliza unaumwa nini. Nikazidisha gunia.

Huku watu nao hawakunisaidia. Nikipita gulioni wauza nyanya waliniita Danki. "Danki, Tanga lini?" Mzee mmoja aliyenipitia nikampa shikamoo, akanijibu marahaba, akaongeza kwamba nisiwaaibishe Wasambaa mbele ya watu wa pwani. Nilicheka kama inavyotakiwa. Moyoni nilikuwa nataka kuingia kwenye gunia langu pamoja na viazi. Kila mmoja alikuwa ameiona ile video, na wote walikuwa wanaishi kwenye mteremko uleule, na hakuna aliyeuona.

Mwishoni nilimwandikia kocha ujumbe. Nilimweleza kwamba uwanja wetu umeinama, na kwamba kwenye sakafu iliyo sawa sijui kama nitaweza. Niliufuta na kuuandika upya mpaka kidole kikauma. Akajibu kwa maneno mawili: "Usijali, jiandae." Sasa hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Ameelewa au hakuelewa? Anadhani nafanya unyenyekevu? Nilimsomea rafiki yangu yale maneno kwa sauti za namna zote, ya upole, ya kebehi, ya haraka, na hatukupata jibu.

Halafu goti la kushoto likaanza. Maumivu yalikaa chini kidogo ya pia ya goti, mahali padogo pa kuweka kidole gumba. Nikishuka mlima yananichoma, nikipanda yananivumilia. Sikumwambia mtu. Nilijipaka mafuta ya nyonyo kwa kujificha, nikatembea wima mbele ya watu, na mazoezi sikuyaacha hata siku moja, kwa sababu tarehe ya kocha ilikuwa inakaribia na alama ukutani zilikuwa zinashuka.

Kitu ambacho sikukifikiria ni msikiti. Siku hiyo ilikuwa swala ya adhuhuri, na baba alikuwa bega kwa bega nami. Kwenye sijda nilishuka kwa kuchelewa, na wakati wa kuinuka nikajikuta nimeweka kiganja sakafuni ili kujisukuma, kama wazee wa safu ya mbele wanavyofanya. Rakaa iliyofuata nikajitahidi nisifanye hivyo, nikafanya. Baba hakugeuka. Tulitoa salamu, tukaomba dua, tukavaa viatu. Tulipofika njiani ndipo aliposema, akiwa anatazama mbele.

"Goti gani?"

"Halina shida, baba."

"Sijakuuliza hali yake. Nimekuuliza ni lipi."

"La kushoto. Na la kulia kidogo."

Akanipeleka uwanjani, yeye mbele na mimi nyuma. Hakuwahi kukanyaga pale. Nikamweleza yote: Mombo, mpira uliotulia, video, ujumbe wa kocha. Nilikuwa naongea haraka kama mtu anayeogopa kukatizwa. Alisikiliza huku anatembea, akafika pale ninaporukia, akatazama chini kwenye nguzo.

"Kwa hiyo unaondokea huku," akasema, "na unaangukia kule."

"Ndiyo."

"Mwaka mzima."

"Baba, tatizo siyo kuanguka. Tatizo ni kuruka."

Kisha akasema nimwambie kocha aje mwakani, nikamwambia mwakani atakuwa na wengine, mlango ni sasa. Nilisema kwa ukali kidogo, nikaogopa nilivyosema. Yeye akasema basi nipumzike mpaka siku hiyo, na hilo hakuliweka kama ombi. Kesho yake asubuhi jembe langu halikuwepo. Alikuwa amelichukua akaenda kufanya sehemu yangu pamoja na yake.

Nikakaa kwenye mkeka barazani kama mwari. Majirani walipita kunipa pole, na mmoja alileta uji akauliza kama nimeshapimwa malaria. Kupumzika kule kulinitesa kuliko gunia. Kila nilipokaa niliiona miguu inalegea, inasahau, inayeyuka. Nilikasirika na baba, nikakasirika na wale wanaume wenye mapaja ya vinu, nikakasirika na uji. Siku moja mama alipokwenda mtoni nilishindwa kuvumilia. Nikalowesha vidole, nikasimama mbele ya ukuta, nikaruka.

Alama ile ilikuwa juu ya zote. Niliitazama nikadhani nimekosea mahali. Nikaruka tena, ikakaa pembeni yake. Magoti hayakusema kitu. Nikacheka mwenyewe, halafu hofu ikarudi mbaya zaidi, kwa sababu mpaka dakika ile nilikuwa najua nitakosa, na sasa sikujua tena.

Kocha alipanda kama alivyoahidi. Tukakutana kwenye shule moja ya Lushoto mjini yenye uwanja wa sakafu, na vijana wengine walikuwepo kuonesha yao. Mimi nilivaa raba za kuazima zilizonibana kidogo. Baba alikuja nami, kavaa kanzu na koti, akisema ana shughuli sokoni, ingawa haikuwa siku ya soko. Tulipofika getini sikumwona tena. Nikafikiri kweli ameenda sokoni, nikaumia.

Kocha alikuwa mtu mfupi mwenye filimbi shingoni. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanitazama kuanzia chini kwenda juu.

"Ndiye wewe wa kwenye video?"

"Ndiye mimi."

"Haya. Jipashe moto. Ukiwa tayari nitakutazama, usiharakishe."

Hakutaja mteremko. Mikono yangu ilikuwa baridi mpaka mpira ulikuwa unateleza, nikaifuta kwenye suruali, ikalowa tena. Mara ya kwanza niliondokea mbali mno, nikafika nikiwa nimeshaanza kushuka. Watu wakaguna kwa huruma. Mara iliyofuata niliusogelea mno, mpira ukagonga chuma mbele na kurudi juu ya kichwa changu. Kocha akasema kwa upole nirekebishe hatua. Nikapumua. Nikajiambia kwamba ile alama iko ukutani nyumbani, nimeiweka mimi, haikuwekwa na mlima.

Nikakimbia. Safari hii ardhi ilinirusha kweli, sijawahi kuisahau namna ilivyonirusha. Niliiona ringi kwa juu yake, nikaona weusi wa ndani, mpira ukiwa kiganjani. Nikaushusha. Uligonga chuma cha nyuma, ukaruka juu sana, watu wote wakauangalia ukipanda. Vidole vyangu viliishika ringi na kuiachia vibaya, nikaanguka, miguu kwanza kisha mikono. Mpira uliangukia nje, ukadunda, ukatulia. Uwanja mzima ukaguna kwa sauti moja.

Kocha alinisaidia kuinuka. "Ujumbe wako niliuelewa," akaniambia. "Nikasema nije nione mwenyewe. Bado kidogo, kijana. Na hicho kidogo ndicho nilichokifuata, bila hicho siwezi kukuchukua." Akanipa mkono, akanishukuru kwa kusema ukweli, akamwita aliyefuata. Hakukuwa na nafasi nyingine, na wala sikuiomba. Nilichukua ndala zangu nikaondoka kwa kupitia nyuma ya madarasa ili watu wasiuone uso wangu.

Nyuma ya darasa la mwisho nikamkuta baba. Alikuwa amesimama kaugeuzia uwanja mgongo, uso karibu na ukuta, tasbihi mkononi. Hakuwa ameenda sokoni. Hakuwa ameona kitu.

"Nimekosa, baba."

"Nimesikia watu wameguna. Umeangukaje?"

"Haikuingia. Imegonga nyuma ikatoka. Nimekosa."

"Nakuuliza umeangukaje."

"Kwa miguu. Halafu mikono."

"Alhamdulillah," akasema, na akafumba macho.

Hasira ilinipanda mpaka nikahisi masikio yamewaka. Kwetu mtoto hampandishii baba sauti, na mimi sikuwahi, lakini siku ile sauti ilinitoka yenyewe. "Unashukuru nini, baba? Nimekosa Tanga. Nimekosa shule. Unashukuru nini?"

Baba akiogopa, Kiswahili humtoroka. Aliniambia kwa Kisambaa nisimame wima, nisiegemee ukuta. Nikasimama. Nilimwona akiweka tasbihi mfukoni mwa koti, akainua kanzu kidogo, akapiga goti kwenye vumbi mbele yangu, kisha la pili. Maishani mwangu sikuwa nimemwona akipiga magoti ila kwenye swala. Akakunja suruali yangu, akalishika goti langu la kushoto kwa mikono yote miwili, akaanza kulibonyeza kwa vidole gumba kulizunguka, polepole, akinitazama usoni kila anapobonyeza aone kama nitakunja uso.

Wale vijana wengine walikuwa wanatoka kwa njia ileile, na kocha nyuma yao. Wakasimama.

"Baba, inuka," nikamwambia. "Watu wanaona."

"Waache waone," akasema, na akahamia goti la kulia.